Dakika Nne za Kwanza Zilikuwa Sawa

"Shikamoo, fundi. Gemu yalegi."

Hata laptopu yenyewe alikuwa hajaiweka mezani. Ni kijana wa chuo, miaka 19 hivi. Namjua kwa sababu mamake huuza viazi karai mkabala na kibanda changu hapa Majengo, na mara nyingi deni langu la viazi huwa kubwa kuliko deni la mtu yeyote kwangu.

"Marahaba, mwanangu. Yalegi vipi, yaani yakwama tangu inapofunguka, ama baadaye?"

Akaniangalia kama niliyemtega. "Yalegi tu."

Nimekiandika kisa hiki chote kwa sababu ya swali lile alilolipita. Watu wengi wanaokuja na laptopu za bei nafuu na gemu za mbio za magari hunijia wameshaamua ugonjwa, wametaka dawa tu: "Niwekee mipangilio ya chini kabisa, fundi." Huyu alikuwa ameshajiwekea mwenyewe. Alitazama video kwenye simu akafuata kila alichoambiwa: rezolusheni, yaani idadi ya nukta (pikseli) za picha, 800 kwa 600, vivuli hakuna, moshi hakuna. Magari yalikuwa yamegeuka vipande vya sabuni ya kufulia. Na bado yalikuwa yakikwama.

Mashine ni zile tunazoziita ex-UK, laptopu ya ofisi iliyokwisha kutumikia watu wengine ng'ambo, ikaoshwa uso ikaja kuuzwa huku. Prosesa, ubongo wa mashine, ni Core i5-6300U, kizazi cha 6, ya mwaka 2015: viini viwili vya kupiga hesabu, nyuzi nne za kazi kwa pamoja, mwendo wa msingi 2.4 GHz na ikijikaza hufika 3.0. Hakuna kadi ya michoro ya peke yake. Michoro imo ndani ya chipu hiyohiyo, HD Graphics 520. RAM, kumbukumbu ya kazi, ni 8 GB, kijiti kimoja. Skrini ya inchi 14, 1920 kwa 1080. Hiyo ni mashine ya barua pepe na hesabu za ofisi, lakini kwa mwanafunzi wa Mombasa ndiyo laptopu ya kuanzia, wala sioni aibu ya kuifanyia kazi.

Gemu yenyewe ni Assetto Corsa, ya Kunos Simulazioni wa Italia, iliyotoka 2014. Kwa umri inaoana na mashine. Ndiyo maana sikukubali haraka kwamba "laptopu haiwezi".

Nilipima kwanza, nikaacha mipangilio jinsi ilivyo. Nikaweka programu ya RivaTuner ili tuone fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, juu ya skrini, na HWiNFO ya kuandika joto, mwendo wa prosesa na wati zinazoliwa. Nikamwambia aendeshe Imola, ile barabara ya mbio ya Italia, gari lilelile alilozoea, wapinzani walewale 15, dakika kumi bila kusimama. Jaribio lisilorudiwa vilevile halina maana. Ukibadilisha gari na barabara na saa ya kujaribu, hutajua kilichokusaidia.

Dakika nne za kwanza zilikuwa sawa. Fremu 36, 38 kwa sekunde, si nyingi, lakini gari linakwenda. Baada ya hapo ikawa kama mtu amekanyaga breki: 24, 21, 19, na mara mojamoja picha inasimama kabisa halafu inaruka mbele. Kijana akaingia ukutani kwenye kona ya Tosa, akanitupia macho. "Waona?"

Niliona. Niliona pia kwamba alikuwa akihesabu kitu kisichofaa. Yeye alitazama namba ya fremu kwa sekunde, na kwenye mbio namba hiyo hudanganya. Mwenye kuvuka Likoni ananielewa. Ukiambiwa feri zimevuka kumi kwa saa, hesabu ni nzuri, lakini kama nane ziling'oa nanga kwa mfululizo na mbili zikakuacha nusu saa juani, hesabu ile haikukufikisha kazini. Kinachotakiwa ni muda kati ya feri na feri. Fremu 60 kwa sekunde ni picha moja kila milisekunde 16.7. Fremu 30 ni moja kila 33.3. Dereva wa gemu anaweza kuzoea 33 zikija kwa mpangilio. Hawezi kuzoea 20, 20, 20, halafu 110, kwa sababu ile 110 humkuta katikati ya kona akiwa ameshakata usukani, na picha inaporudi gari limo kwenye changarawe.

Hapa niseme kosa langu. Kuona mashine inaanza vizuri kisha inaanguka, nilikimbilia draiva ya michoro, ile programu inayoiongoza chipu kuchora. Nikapoteza jioni nzima na bando langu kupakua ya karibuni kabisa niliyoipata. Haikubadilisha hata fremu moja. Ningekumbuka tu kwamba tangu 2022 Intel imeziweka chipu hizi za kizazi cha 6 kwenye huduma ya kale, ya kuziba matundu ya usalama na kasoro kubwa tu, nisingetarajia muujiza. Na jibu nilikuwa nalo mkononi, kwenye faili la HWiNFO, safu ya joto: digrii 97, 98, na pembeni yake neno la kukiri kwamba prosesa inajibana kwa ajili ya joto. Ukomo wa chipu hii ni digrii 100. Mwendo wake ulikuwa umeshuka kutoka 2.9 GHz hadi 1.3.

Ilikuwa katikati ya Februari. Kaskazi imekaza, nje ni 33, na ndani ya kibanda cha mabati hata sijataka kupima. Watu wanaoandika maelekezo ya gemu huko Ulaya huandikia vyumba vya digrii 20. Feni ya laptopu haitengenezi baridi. Inachukua hewa iliyopo na kuipitisha kwenye mapezi ya shaba. Hewa ikiingia ikiwa na digrii 13 zaidi, basi chipu nayo inaanza safari yake juu kwa kiasi kama hicho. Mtu wa Mombasa ana mpangilio mmoja wa picha ambao haumo kwenye menyu yoyote, nao ni saa anayocheza na mahali anapoiweka laptopu. Nikamuuliza huyu anaiweka wapi. Kitandani, juu ya takia.

Nikafungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na mapezi palikuwa na vumbi lililoshikana likawa blanketi, la kijivu, lenye unyevu, na mapezi yenyewe yameanza kuota kijani, hii hewa yetu ya chumvi haisamehe shaba. Pesti ya joto iliyo kati ya chipu na bomba la shaba ilikuwa imekauka kama chokaa ya ukuta wa Mji wa Kale. Unaikwangua inatoka unga. Nikaisafisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, nikafunga skrubu kwa kupishanisha, kidogo huku kidogo kule, ili isikae upande. Feni niliishika kwa kidole wakati wa kupuliza vumbi. Ukiiacha izunguke kwa upepo wa blowa huivunja beringi. Nimeshaharibu mbili hivyo.

Tukarudi Imola. Dakika kumi, joto likasimama kwenye 84, na fremu zikabaki 35 hadi 37 mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyegusa mpangilio hata mmoja wa picha.

Kijana alifurahi akataka kuondoka. Nikamzuia.

Kwenye kumbukumbu ya HWiNFO bado kulikuwa na jambo. Sasa prosesa haikujibana kwa joto, ilijibana kwa wati. Chipu hii imewekewa ukomo wa wati 15 kwa muda mrefu. Inaruhusiwa kuvuka kwa nusu dakika hivi mwanzoni, na ndiyo sababu kipimo cha sekunde 20 za kwanza hakifai kuaminiwa hata kidogo. Baada ya hapo ni 15, na hizo 15 zinaliwa kwenye sinia moja na ndugu wawili: prosesa na michoro. Mmoja akichota sana mwenziwe analala na njaa. Ndiyo maana kwenye mashine hizi kila mzigo unaoupunguza upande mmoja ni tonge inayorudi upande wa pili. Wapo wanaopunguza volti ya chipu kwa programu ya ThrottleStop ili wati zilezile zifanye kazi zaidi, na kizazi cha 6 huikubali, ila laptopu nyingi za ofisi zilizopata BIOS mpya, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, baada ya lile tundu la usalama la Plundervolt la Desemba 2019 zimefungwa mlango huo. Hii ilikuwa imefungwa. Sikupigana nayo.

Basi swali likawa: kati ya hao ndugu wawili, nani mwenye njaa? Kipo kipimo cha dakika mbili, hakigharimu kitu, na ajabu ni kwamba sijaona video hata moja ya mtandaoni ikikionyesha. Badilisha rezolusheni peke yake. Nikaitoa 800 kwa 600 nikaiweka 1280 kwa 720. Pikseli 480,000 zikawa 921,600, karibu mara mbili. Kama michoro ndiyo iliyoelemewa, fremu zingeporomoka.

Zilipungua mbili.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "miezi yote hii umekuwa ukitazama magari ya sabuni kwa faida ya fremu mbili."

Aliyeelemewa alikuwa prosesa. Na hapo ndipo ile orodha yake ya kupunguza-punguza ilipokuwa imekosea njia. Alikuwa amepunguza vinavyokula pikseli, akaacha vinavyokula hesabu. Tena mchezo wenyewe ulikuwa ukimwambia. Kila mbio zilipoanza yalitokea maandishi ya onyo kwamba prosesa imetumika zaidi ya asilimia 99, naye alikuwa akiyaona kila siku akidhani ni ya kawaida.

Assetto Corsa hupiga hesabu ya fizikia mara 333 kwa sekunde: matairi, springi, uzito unavyohama. Na haipigi kwa gari lako tu. Wapinzani nao ni magari, nao yana matairi. Wapinzani 15 kwenye viini viwili ni msongamano wa daraja la Nyali saa kumi na mbili jioni. Tulishuka hadi 9. Alinung'unika, lakini tulipozihesabu mbio zake za mwisho, hakuwahi kumwona hata mmoja wa wale sita wa nyuma tangu mzunguko wa pili.

Halafu yale magari. Yote yalikuwa Subaru za kupakuliwa, za washabiki, gari moja likirudiwa mara 15. Sina ugomvi na Subaru. Ugomvi wangu ni jinsi gari lile lilivyotengenezwa. Magari yanayokuja na gemu yenyewe huwa na umbo katika matoleo kadhaa: likiwa karibu unaona kila boliti, likiwa mbali gemu hubadilisha na kuchora umbo jepesi, maana nani ataiona boliti mita 200? Magari mengi ya kupakua hayana yale matoleo mepesi. Subaru iliyo ncha ya pili ya barabara, ndogo kama kichwa cha njiti, inachorwa na viti vyake, na mishono ya viti vyake. Mara 15. Nikamwekea Abarth 500 za gemu yenyewe kwa jaribio.

"Fundi, hichi kigari cha kwendea sokoni?"

"Jaribu, babangu."

Fremu zikaruka kutoka 36 hadi 47. Tukakubaliana hivi: yeye abaki na Subaru yake moja, wapinzani wawe magari ya gemu.

Baada ya hapo ndipo tukaingia kwenye menyu ya picha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu majina ya vitu kwenye menyu hayakwambii vinafanya nini.

Uakisi. Ule mng'aro wa mbingu na miti kwenye bodi ya gari. Gemu huupata kwa kupiga picha za pande zote za gari, kama umekaa ndani ya sanduku: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini. Nyuso sita. Kwenye menyu kuna mahali pa kuchagua nyuso ngapi zichorwe upya kwa kila fremu. Kwake zilikuwa sita. Maana yake mashine ilikuwa ikiuchora ulimwengu mara saba ili uone mara moja! Video ile ilimwambia apunguze ukubwa wa picha ya uakisi, akafanya, lakini idadi ya nyuso hakuigusa, na idadi ndiyo inayomtesa prosesa kwa kuwa kila uso ni kuagiza upya vitu vyote vichorwe. Tukaweka uso mmoja kwa fremu. Mng'aro unachelewa kidogo sana nyuma ya gari, na nikimwambia mtu autafute hauoni. Kama ingekuwa lazima nichague badiliko moja tu katika menyu nzima, ningechagua hili.

Kioo cha nyuma kilituletea mabishano. Kioo nacho ni ulimwengu unaochorwa mara nyingine, ukitazama nyuma. Mimi nilitaka kizimwe. Yeye akasema huwa anashindana na wenzake na wanamgonga nyuma kwenye kona, bila kioo ni kama kuendesha tuk-tuk Barabara ya Digo umefumba macho. Nikaona ana haki. Gemu ni ya kwake. Tukakiweka kwa ukubwa wa chini kabisa, tukaondoa ubora wake wa juu, na tukazima moshi usionekane ndani ya kioo. Kinachoonekana mle ni ukungu wenye rangi, lakini ukungu mwekundu ukikua unajua kuna mtu.

Vivuli yeye alikuwa amevizima kabisa, na hilo nililirudisha nyuma. Gari bila kivuli chini yake huelea. Jicho linapoteza hisia ya umbali kati ya tairi na lami, na hapo unachelewa kukanyaga breki. Tukaviweka kwa ukubwa mdogo. Gharama ilikuwepo, tukailipa.

Mapambo ya mwisho ya picha, yaani miale ya jua, mwanga unaomwagika, hewa inayotetemeka kwa joto, tulizima yote. Joto tunalo la kweli. Kulainisha kingo za vitu kwa njia ya MSAA kunakula uwezo wa RAM wa kupitisha data bila huruma, tukaacha. FXAA, njia nyepesi ya kulainisha, imo ndani ya mapambo yaliyozimwa, kwa hiyo nayo ikaenda. Kingo zina meno kidogo kwa 720. Ndiyo hali.

Kilichonishangaza ni tulipopandisha anisotropiki hadi 8. Huu ndio mpangilio unaofanya lami ya mbali isiwe uji. Kwenye gemu ya kupiga risasi si lazima, lakini kwenye mbio unatazama barabara kwa ubapa muda wote, na unatafuta alama ya breki mita 150 mbele. Wengi huuzima wakidhani ni anasa. Kwa mwenda mbio ni miwani. Ulitugharimu fremu moja, pengine na nusu.

Sasa mzigo ulikuwa umemtoka prosesa na kumwangukia ndugu wa pili. Nilijua kwa kipimo kilekile: kubadilisha rezolusheni sasa kulibadilisha fremu sana. Hapo ndipo ilikuwa na maana kuzungumzia RAM. HD 520 haina kumbukumbu yake, hukopa ya laptopu, na DDR4-2133 kwa kijiti kimoja hupitisha GB 17 kwa sekunde. Vijiti viwili ni 34, kwa karatasi. Nafasi ya pili ilikuwa tupu. Nilikuwa na kijiti cha 8 GB kilichotoka kwenye laptopu iliyomwagikiwa chai, nikakiweka. Wiki moja kabla, tungekiweka wakati prosesa bado imekabwa, ningemuuzia mtoto wa jirani fremu mbili kwa bei ya mfuko wa unga na sukari juu. Sasa kilituletea saba. Kujua kipi kitangulie na kipi kifuate kulikuwa na uzito kuliko kazi zenyewe. Hili nimelijifunza kwa wateja waliorudi na hasira.

Mengine tuliyapita haraka. Kulikuwa na programu tatu za "kuongeza kasi ya gemu" zikila RAM nyuma, nikazifuta. Windows ilikuwa ikirekodi kila anachocheza kimyakimya, nikazima. Mtu alikuwa amemwambia abadilishe diski iwe SSD, ile ya haraka isiyozunguka, ili fremu ziongezeke. SSD ilikuwemo tayari, na ingekuwa haimo ingefupisha kusubiri tu.

Tukafika kwenye 51 hadi 58, ikishuka 49 pale magari yote yanapobanana kwenye kona ya kwanza. Wengi wangesimama hapo. Lakini skrini ni ya 60 Hz, yaani hujichora upya kwa zamu 60 kwa sekunde, na fremu 50 kwenye skrini ya 60 hazigawanyiki. Nyingine inakaa zamu moja, nyingine mbili, na barabara inakwenda kwa kuchechemea hata kama namba ni nzuri. Ukiwasha V-Sync, inayofanya fremu isubiri zamu ya skrini, kila fremu inayochelewa kidogo husukumwa zamu nzima mbele. Ukifunga 30, picha inatulia kama maji ya mtungi, ila usukani unakuwa mzito. Nilimwekea 30 akaendesha mizunguko miwili.

"Hapana, fundi. Ni kama naendesha feri."

Basi nikafungua mipangilio ya skrini ya Windows, ile ya ndani inayoonyesha idadi ya Hz. Baadhi ya skrini za laptopu huficha mle namba ya pili, ndogo, iliyowekwa kwa ajili ya kuokoa betri. Hii ilikuwa nayo: 48. Nikaiteua, nikaichagua na ndani ya gemu kwa 1280 kwa 720, nikawasha V-Sync. Mashine haishuki chini ya 49, skrini inaomba 48. Fremu moja, zamu moja, kila milisekunde 20.8.

Akaendesha dakika kumi na tano bila kusema neno. Mstari wa muda wa fremu pale juu ulikuwa umelala kama uzi. Na kwa kuwa chipu haikuwa ikikimbizana kuchora fremu za ziada, joto likashuka likakaa 79, saa nane mchana, ndani ya mabati.

"Fundi," akasema mwishowe, "kona ya Tosa ni rahisi hivi?"

Nilimpa vifuniko viwili vya soda aviweke chini ya miguu ya nyuma ya laptopu, ipumue, na nikamwambia takia ni la kulalia. Chaja iwe imechomekwa muda wote, kwa betri peke yake mashine hizi hujinyima zenyewe. Mpangilio wa nguvu wa Windows nikauacha kwenye utendaji wa juu. Mamake alileta viazi na ukwaju, na deni langu likafutwa.

Wiki tatu baadaye akarudi. Vumbi halikuwa limerejea, nilimulika kwa tochi nikaona. Fremu bado 48. Mara hii alikuwa na jambo jingine kwenye simu: EA Sports WRC, gemu ya mbio za rali ya 2023, yenye Safari Rally ya Kenya ndani yake, vumbi la Naivasha na kila kitu. Anaijua Safari kwa simulizi za babu yake, wa enzi zile magari yakiteremka mpaka Pwani. Akataka nimfanyie "zile hesabu zako".

Nikamwonyesha mahitaji yake. Inataka kadi ya michoro iliyosimama peke yake, na wala si ya kwanza utakayoikuta mitumba. Wati 15 za sinia moja hata hazinusi mlangoni. Akasoma mpaka chini, akatia simu mfukoni.

"Hakuna barabara ya vumbi kwenye hii ya zamani, ya kupakua?"

"Zipo. Lakini tuitazame kwanza ilivyotengenezwa."

Akavuta kigoda.